Jengo la Tatu la Abiria

Wapima ardhi walipopigilia vigingi vyekundu kando ya ua wa uwanja wa ndege, pale Chaani, watu wengine wote waliona vigingi. Clifford Odhiambo aliona jengo la tatu la abiria.

Clifford alikuwa mwendesha bodaboda kwa kazi, na mwongo kwa kipaji. Aliwahi kusukuma vitoroli vya mizigo uwanjani kwa miezi mitatu, na tangu hapo akauzungumzia kama mtu aliyeujenga. Mali yake yote duniani ilikuwa pikipiki moja, iliyoandikwa nyuma jina la mchumba wake, Quinter. Mwisho wa mwezi walikuwa waende nayo kwa wazazi wa Quinter, na Quinter alikuwa amekwisha sema kwamba wazazi wake hawamwozeshi binti yao kwa mtu wa miguu.

Sasa, kando ya vile vigingi alikaa mjane mmoja, Mama Mbeyu, na kishamba chake chenye minazi kumi na minane. Clifford akavaa koti la manjano linalong'aa, akaazima futi ya fundi cherehani, akaenda kupima hewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu madafu."

Alikunywa mawili, kisha akamfungulia historia. Uwanja ulianza wakati wa vita vya pili vya dunia. Mwaka wa sabini na tisa ukapanuliwa, ukawa wa kimataifa. Leo una majengo mawili, moja la safari za nje na moja la safari za ndani, na yote mawili yamejaa pomoni. La tatu, akasema huku akinyoosha futi, litaanzia hapa jikoni kwako. Litakuwa na mikanda ya mizigo isiyolala, ngazi zinazopanda zenyewe na chumba cha wakubwa chenye zulia la kuzamisha mguu.

Mama Mbeyu aliitikia "ehe" kila palipostahili. Akauliza kitu kimoja tu, kama vyoo vitakuwa na maji. Clifford akamhakikishia kwamba bomba litaona mkono na kujifungua lenyewe. Mama akatikisa kichwa kwa mshangao.

Basi mjanja akafika penyewe. Ardhi itachukuliwa, fidia itazungushwa maofisini, na mjane atasumbuliwa bure. Yeye, kwa huruma, yuko tayari kuubeba usumbufu huo. Amwachie kishamba, naye amwachie pikipiki. Hakusema kwamba Boga, mfanyabiashara wa mbao kutoka Magogoni, alikuwa keshaelezwa habari za fidia na mate yanamtoka.

"Ardhi chukua," akasema Mama Mbeyu. "Minazi niachie."

Clifford nusura acheke. Kwao Ugenya, huko bara, mwenye shamba ndiye mwenye kila kilichosimama juu yake. Huyu mama ataibeba minazi mfukoni? Wakaandikiana mbele ya mzee wa mtaa, Bwana Lewa, aliyemuuliza Clifford mara mbili kama ameelewa anachotia sahihi. Clifford akamwona mzee mzito wa kichwa.

Jumamosi Boga akaja na pesa zake kwenye mfuko wa unga. Akazunguka, akapiga shina moja kofi, akauliza minazi ni ya nani.

"Ya mama mmoja hapo. Usijali, ardhi ni yangu."

Boga akamtazama kwa huruma ya kweli. "Kijana, ulitoka bara mwaka gani?"

Akamweleza taratibu. Huku kwetu pwani ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Huwezi kuukata, huwezi kumzuia mwenyewe kupita kuuchuma, na fidia ya mnazi ni ya mwenye mnazi. Kisha akauliza mama mwenyewe anapatikana wapi. Kufikia adhuhuri alikuwa ameinunua yote kumi na minane, na ardhi akamwachia Clifford.

Clifford hakulala siku mbili. Jumatatu akafunga safari, kwa miguu, kwenda kuomba pikipiki yake. Akakutana nayo njiani. Tinga, mpwa wa Mama Mbeyu, ndiye aliyeendesha, na nyuma amekaa mama mwenyewe ndani ya leso mpya, sanduku mapajani. Anakwenda Nairobi kwa ndege, akasema, kumwona bintiye.

"Na jengo la tatu, mama?" Clifford akauliza, na moyo ulimuuma kwa kuuliza.

"Mwanangu, nimepiga deki mle uwanjani miaka ishirini na mbili. Hivyo vigingi ni vya mtaro wa maji ya mvua. Wapimaji walishinda kwangu siku tatu wakinywa madafu."

"Mbona hukumwambia Boga?"

"Hakuniuliza. Alisema wewe umeshamweleza yote."

Pikipiki ikaondoka kuelekea uwanjani, na jina la Quinter nyuma yake.

Clifford akatoa simu. Akakohoa kidogo, akaipata ile sauti yake nzuri, akampasha mchumba wake habari njema. Pikipiki ameiacha, ndiyo, lakini sasa ni mtu mwenye ardhi, tena ardhi ya minazi.

Quinter amezaliwa Changamwe, huku huku pwani, na kukulia hapo hapo. Akamuuliza, minazi yenyewe ni ya nani.