Kiwavi Amekosa Sifa za Kuwa Mdudu

Wewe unayesoma, usijifanye haikuhusu. Tangazo lilikaa ukutani wiki tatu, ukalipita kila siku ukitazama upande wa pili. Nilikuona. Mimi sisahau, hata Kamati Ndogo ya Kuhakiki Vyura ya miaka ile, wajumbe wake wote ninao kwa majina.

Basi nikusomee: "Kamati ya Uainishaji wa Wadudu inautangazia umma kwamba kuanzia sasa mdudu ni kiumbe mwenye miguu sita kamili. Mwenye pungufu au ziada hatahudumiwa."

Uamuzi wa busara. Wajumbe walikaa siku mbili, chai na maandazi, wakapanga makundi. Panzi: mdudu. Nyuki: mdudu, mchapakazi. Mbawakawa ana aina nyingi kuliko wote, akashauriwa apunguze ili atoshe kwenye jedwali. Kipepeo na nondo wakapandishwa cheo kuwa Wadudu wa Kitalii, maana watalii wanaoshuka kreta kutazama wanyama huwapiga picha. Buibui, miguu minane, akaenguliwa kwa kujilimbikizia.

Ndipo akaja Rozalia wa Endamarariek. Ana ekari moja ya mahindi, ndiyo chakula cha nyumba yake mpaka mwakani, na viwavijeshi wameshamaliza nusu. Akamwekea Mwenyekiti Wilibrodi kiwavi mezani, juu ya kifuniko cha ndoo, akaomba dawa ya wadudu.

Mwenyekiti akavaa miwani, akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Kumi na sita. Pole, mama. Huyu si mdudu."

"Sasa ni nini, mheshimiwa?"

"Yuko nje ya mamlaka yetu. Jaribu mifugo."

"Nimetoka ofisini kwao. Wanasema minyoo yao inakaa tumboni mwa ng'ombe."

"Basi avute subira, mchakato unaendelea."

"Havuti subira, baba. Anakula."

Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nikasimama. Shule niliishia la saba, lakini nina kitabu cha sayansi kisicho na jalada, nimekisoma mpaka kurasa zimelainika kama kitambaa. Nikasema miguu ya kweli ni ile sita ya mbele. Kumi iliyobaki ni ya bandia, ya kushikia jani. Na akikua anakuwa nondo, huyo huyo mliyempa cheo.

"Una cheti?" Mwenyekiti akauliza.

"Sina."

"Basi kaa."

Nikakaa. Tarehe nimeiandika.

Jumatatu iliyofuata Rozalia alirudi kujaribu bahati yake kwenye foleni ya stoo ya dawa. Mbele yake nani? Mwenyekiti mwenyewe, viatu vimejaa udongo mwekundu wa kijijini kwake Ganako. Ekari zake tano za mahindi zilikuwa zimetobolewa kama chujio. Edna, mtunza stoo, akatoa fomu kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee. Mdudu wako ana miguu mingapi?"

"Marahaba. Sita."

"Waraka wako unataka tuhakiki, mzee. Umekuja naye?"

Akatoa kiberiti mfukoni, akakifungua shingo upande. Edna akahesabu kwa sauti, foleni nzima ikimsaidia, hadi kumi na sita.

"Pole, mzee. Jaribu mifugo."

"Edna, acha utani! Hiyo mingine ni ya bandia!"

Rozalia akamtazama, wala hakupandisha sauti.

"Kumbe ulikuwa unajua, baba."

Sasa kamati imeitisha kikao cha dharura, Alhamisi saa tatu asubuhi. Ajenda ni moja: kuwatambua rasmi viwavi wa Ganako kuwa wadudu. Wa Ganako tu. Wa Endamarariek watafikiriwa robo ijayo ya mwaka, na Rozalia amebakiwa na mistari kumi na minne ya mahindi.

Kwa hiyo ingia shambani kwako leo. Okota kiwavi, mtie kwenye kopo, na Alhamisi uwe mlangoni kabla wajumbe hawajaingia kikaoni. Mmoja mmoja wawahesabu miguu, mbele yetu, na wasinyanyuke pale mpaka Rozalia atoke na dawa mkononi. Usiniambie utaona. Nyanyuka.