Kamshafti Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Juni 2024. Kibondo.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Basi nikiri mapema: tangu Pasaka nimeficha kamshafti chini ya kitanda, ndani ya shuka la wageni. Immakulata, binti yangu, anadhani ni pombe.

Sababu ni Reverien. Jirani yangu, mzee mwenzangu wa kanisa, mwenye pikapu pekee mtaani. Hubeba marehemu wetu wote bure, kisha mwaka mzima husimulia uzito wao. Mimi sitasimuliwa! Nitakwenda kaburini kwa gari langu. Lipo nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Limekosa kamshafti tu, kile chuma kirefu chenye vinundu vinavyofungua valvu za injini. Nimepata iliyotumika, Kakonko. Haikutoka kwa waliounda gari langu, ila muuzaji aliapa kwamba inaingia magari mengi. Yapi? Haina namba wala jina.

Jumanne, 4 Juni.

Nimempigia fundi Nadège wa Kasulu, yule Mkongo aliyeifungua injini yangu. Nikamtumia na picha. Akacheka kwanza. "Papa, moteur, injini, si sufuria, useme mfuniko wowote utafunika. Vinundu vikizidi urefu, valvu zinagonga pistoni. Moteur imekufa!" Akataka nimpelekee aione kwa macho. Kasulu? Kwa pikapu ya nani? Nikamkumbusha kwamba nilifundisha fizikia hadi kustaafu. Nitapima mwenyewe.

Nimepima, kwa vernia, kipimio cha maabara nilichostaafu nacho. Mikono inatetemeka. Kinundu kimoja, majibu matatu. Kwa jibu la kwanza, ni kamshafti ya trekta. Kwa la mwisho, ya cherehani.

Alhamisi, 6 Juni.

Wazo kubwa! Immakulata alipokwenda sokoni, nikasonga ugali wa muhogo, mgumu hasa, nikautandaza kwenye sinia na kuiviringisha kamshafti juu yake. Kila kinundu kikaacha umbo lake, safi kama muhuri. Ugali hautetemeki. Ningeupima kwa utulivu. Nikaingia ndani kutafuta miwani.

Ilikuwa usoni.

Kutoka nje, namkuta Reverien amekwisha nawa. Immakulata amerudi, amekuta ugali, amekuta mgeni, akafanya alivyofundishwa na marehemu mama yake: akamtengea, na maharage juu. Nani amnyang'anye mgeni chakula? Nikakaa kumtazama akila vipimo vyangu, kinundu baada ya kinundu. Katikati ya sinia akasita. "Mwalimu, mbona ugali una mafuta?" Nikasema mawese. Akaongeza tonge.

Jumamosi, 8 Juni.

Jana kifua kilibana. Daktari akaagiza nikapimwe moyo Kasulu. Immakulata akaita pikapu. Leo nikajikunyata kiti cha mbele, kamshafti mapajani ndani ya shuka. Reverien mwenyewe hali mbaya, tumbo linamwendesha tangu juzi. Tulisimama kila penye kichaka. Na kila aliporudi aliniomba radhi, mimi, kwa kunichelewesha! Nikamsamehe kila mara.

Moyo, wamesema, unapiga bado, ila nisiutegemee. Nikaomba tupitie kwa Nadège. Ikabidi nifungue shuka mbele ya Reverien. Nadège akapapasa ncha ya kamshafti kwa kidole gumba. Akasema kamshafti za namna hii huandikwa namba palepale, kwa kuchorwa juu juu, na hapo pamesuguliwa. Bila namba hathubutu kuifunga. "Nani huyu bête, mjinga huyu, alipiga msasa?"

Nikasema muuzaji.

Nadège akatema mate. Reverien akapandwa na hasira kwa ajili yangu hadi midomo ikamcheza. Mzee anayekufa, wamuibie!

Kufika nyumbani, miguu ikakataa. Akanibeba mgongoni hadi kitandani. Nikamsikia sebuleni akimwambia Immakulata, "Mwanangu, baba yako mwepesi! Debe tupu kabisa." Nimesimuliwa kabla sijafa.

Jumapili, 9 Juni.

Reverien hakuonekana kanisani. Alikwenda Kakonko, na tumbo lile lile, kumfokea muuzaji kwa niaba yangu. Amerudi jioni, sauti imekauka. Muuzaji aliapa kwa jina la mama yake kwamba namba ilikuwepo. Reverien akamwita mwongo mbele ya soko zima. Watu wakajaa. Maskini yule akatoa kamshafti nyingine ili kelele ziishe, na Reverien akaniletea kama mtu aliyeshinda kesi. Akakataa hata chai. Ugali hakukaribishwa.

Kamshafti hii ina namba. Ina pia mafuta meusi, na kutu kidogo kwenye ncha. Chafu mno! Nadège ataniona mzee mchafu. Namba nimeisoma, kichwa bado kizima, sina haja ya kuiandika. Immakulata ameniletea msasa, nimemwambia ni wa mguu wa kiti.

Lililobaki acha nilikiri sasa, kabla moyo haujabadili nia. Muuzaji hakusema uongo. Namba ya kwanza ilikuwepo. Nilidhani mikwaruzo, nikaisugua mwenyewe, siku ya Pasaka, baada ya ibada. Iling'aa vizuri sana.