Anwani ya Mama Iko Benki

Jumatatu, 6 Mei

Mvua tangu alfajiri. Wiki ya kumi na moja tangu Mama ahame bila kuniambia amehamia wapi. Leo nimekwenda benki.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mama ana akaunti pale tangu tuliporudi kutoka Karagwe. Mwezi uliopita jirani alimwona kaunta akijaza fomu ya kubadilisha makazi. Kwa hiyo anwani imo ndani ya kompyuta yao. Kazi yangu ilikuwa kuiomba tu, kwa uso wa huzuni. Uso huo ninao siku zote.

Nilibeba mfuko. Nilimwambia msichana wa dawati la wateja, Umutesi, kwamba mimi ni Wenceslas, mtoto wa pekee wa Nyirasafari, na ndani ya mfuko kuna dawa yake ya presha, lazima imfikie leo. Nikatoa kitambulisho. Alikitazama kwa muda mrefu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Papa, ile adresi haiko ya benki," alisema. "Iko ya mama. Mi siwezi kukupatia."

Nikauliza, hata mtoto wake? Hata mtoto. Kisha akasema niiache dawa hapo na barua, atampigia mama simu mwenyewe aje kuichukua. Hilo sikulitarajia. Mfukoni mlikuwa na parachichi tatu. Nikasema dawa hiyo inaharibika upesi. Akauliza ni dawa gani. Nikarudi nyumbani.

Niandike wazi kwa nini namtafuta. Shamba la Mudende limeandikwa jina lake, na kuna mtu anataka kulikodi alime viazi msimu ujao. Panahitajika saini ya Mama. Sina haja nyingine.

Jumanne, 7 Mei

Cansilde wa mlango wa pili alikuja kuomba kiberiti. Huvuka mpaka kwenda Goma kila siku na kabichi zake kichwani, akirudi anataka kujua habari za kila mtu. Akaniuliza swali lake lilelile.

"Juu ya nini haumupigie tu? Namba yake iko ileile."

Nikamwambia haiwezekani. Hakuelewa. Labda nikiiandika itaeleweka.

Desemba nilikuwa na kibanda cha simu karibu na soko. Vijana walitaka laini haraka, bila maswali. Nilikuwa na picha ya kitambulisho cha Mama kwenye simu yangu, niliyoipiga kwa jambo jingine kabisa. Nikasajili laini sita kwa jina lake. Kosa lilikuwa la mfumo. Mfumo unaokubali mwanamke wa miaka sabini awe na laini sita una kasoro. Moja ya laini hizo ilitumika kumtapeli mwalimu mmoja. Wapelelezi wawili wakaja, wakaketi sebuleni kwa Mama, kisha wakamwomba waende wote kituoni. Alikaa kwenye benchi kutwa nzima akieleza kwamba hajui hata kutuma ujumbe.

Siku hiyo mimi nilikuwa Mudende. Yaani nilikwenda Mudende niliposikia.

Jioni aliporudi alipika. Akaniambia neno moja tu: nenda kawaambie ni wewe, halafu urudi ule. Nimekuwa nikikusudia kwenda. Katikati ya Februari nilirejea kutoka sokoni nikakuta amechukua kitanda chake, masufuria na picha za ukutani. Misumari aliiacha.

Kwa hiyo siwezi kupiga simu. Nikipiga, ataniuliza kama nimekwenda.

Alasiri nimeandaa mpango wa pili. Barua rasmi kutoka Ofisi ya Uhakiki wa Makazi ya Wazee, inayoomba anwani ya Nyirasafari. Ofisi hiyo haipo, lakini inastahili kuwepo. Muhuri nimeuchonga kwenye kiazi. Kazi ya saa mbili. Nilipougonga kwenye karatasi, maneno yalitoka kinyumenyume. Kiazi cha pili sikuwa nacho, vingine nilikuwa nimevichemsha. Nimeugonga hafifu, mtu asiyetazama sana hataona.

Jumatano, 8 Mei

Umutesi anatazama sana.

Aliisoma barua, akaigeuza, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Akaomba nisubiri, akaingia ndani nayo. Akatoka na meneja. Mtu mpole, amevaa sweta. Meneja alieleza kwamba benki huweka nakala ya kila ombi la taarifa za mteja, hata lile lililokataliwa, na kwamba mteja huarifiwa. Akaniuliza jina langu kamili na namba ya simu, akaviandika kwenye daftari. Barua hakunirudishia.

Nilimwomba jina langu lisitolewe kwa mtu yeyote. Akasema hilo lisinitie wasiwasi, hapa hawatoi.

Nimetembea hadi ziwani. Maji ya kijivu, mbingu ya kijivu, watalii wawili wamevaa makoti ya mvua. Mama alipenda kuja hapa Jumapili baada ya misa. Nilikuwa nikimwambia nina shughuli.

Ijumaa, 10 Mei

Mpango wa tatu. Huu nimeufikiria siku mbili nzima.

Benki ina namba ya kuhudumia wateja kwa simu. Mteja akijibu maswali ya kumtambua, wanamhudumia. Kinachotakiwa ni sauti ya mama. Nilimsihi Cansilde asubuhi yote. Akakubali kwa sababu nilimwambia Mama anaweza kuwa mgonjwa mahali fulani, peke yake. Niliposema hivyo nilijisikia vibaya. Ilikuwa mara ya kwanza kulifikiria.

Tuliketi kitandani kwangu, simu katikati, sauti imefunguliwa. Majibu niliyaandika kwenye karatasi. Mwanamume akapokea, akasalimia vizuri. Jina kamili? Cansilde akasoma. Namba ya akaunti? Ipo kwenye risiti ya zamani. Tarehe ya kuzaliwa? Moja Januari, kama nusu ya watu wa umri wake. Yote sawa. Cansilde akaanza kutabasamu.

"Mama, jina la mama yako mzazi?"

Cansilde akanigeukia. Mimi nikaitazama karatasi. Jibu hilo halikuwemo. Nikajaribu kukumbuka. Tulimwita Bibi. Majirani walimwita Mama Nyirasafari. Nikatikisa kichwa, nikanong'ona neno la pekee nililokuwa nalo.

"Nyogokuru," akasema Cansilde.

Yule mtu akaeleza kwa upole kwamba hilo maana yake ni bibi, yeye anataka jina.

"Nasahau. Mi niko muzee."

Akasema hakuna neno, kuna swali jingine. Mtu wa karibu aliyeandikishwa kwenye akaunti ni nani? Hapo nikapumua. Nikaandika WENCESLAS kwa herufi kubwa, nikamnyooshea. Yeye akalisoma kwa kujiamini kabisa.

Si sahihi.

Cansilde akarudia, labda hakusikika. Si sahihi. Yule mtu akasema majibu hayalingani na waliyo nayo. Ili kumlinda mteja, wanafunga huduma ya simu na kadi, hadi mwenyewe afike tawini na kitambulisho chake. Akatutakia siku njema, akakata.

Cansilde alisimama polepole. "Wense, njo kusema wamemufungia mama?"

Nikamwambia atulie. Nilikuwa nimeanza kuona faida. Mwenyewe lazima afike tawini. Tawi moja, mlango mmoja. Sihitaji tena anwani, atakuja kwa miguu yake. Nikamweleza Cansilde kwamba mpango umefaulu kuliko nilivyoupanga.

Alitoka. Kiberiti nilichompa Jumanne amekisahau kwangu.

Jumamosi, 11 Mei

Mtu wa karibu ni nani?

Lilikuwa jina langu. Nilikuwepo alipojaza fomu ya kwanza, mimi ndiye niliyeshika kalamu kwa sababu macho yake yalikuwa yanauma. Mtoto wa pekee ni mimi, wala Mama hana mume. Nimepitia watu wote. Paroko? Mwanakwaya fulani? Jirani wa huko aliko, mtu ambaye hata simjui, anayempelekea maji? Huyo ninamchukia tayari.

Na Bibi. Jambo hili linanisumbua kuliko nilivyodhani. Alinilea Karagwe miaka tisa Mama akiwa anahangaika na vibarua. Alipokufa nilibeba jeneza upande wa mbele. Msalabani waliandika jina lake kwa rangi nyeupe, na kopo la rangi nililishika mimi. Nalikumbuka kopo. Nakumbuka brashi iliyonyofoka manyoya. Jina silioni.

Nilimrudishia Cansilde kiberiti. Alikipokea mlangoni bila kunikaribisha. Akauliza itakuwaje mama akihitaji ile kadi kwenye duka la dawa. Nikasema ni siku mbili tu. Akasema aliwahi kuona mtu akianguka kwenye mpaka kwa kukosa dawa ya presha siku mbili. Kisha: "Mi nilitaka kukusaidia. We umenifanya mwizi."

Akafunga mlango.

Jumatatu, 13 Mei

Nimesimama mkabala na benki tangu saa mbili asubuhi, chini ya paa la duka la vitenge. Saa nne na robo akafika kwa pikipiki.

Amekonda. Nilidhani ni mtu mwingine aliyevaa sweta yake. Alishuka kwa kumshika bega mwendesha pikipiki, akasimama kidogo kabla ya kuamini miguu yake. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa na plasta ya pamba, ile wanayobandika wakishatoa sindano.

Nikamfuata ndani. Umutesi alikuwa ameshamwona. Alitoka nyuma ya dawati, akamshika mkono, akampeleka kwenye chumba kidogo. Nikapiga hatua kuelekea huko. Akasema, "Papa, wewe ungojee hapa," akafunga mlango. Nimekaa dakika arobaini kwenye kiti cha chuma, mlinzi akinitazama.

Walipotoka nikasimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alisema kama anavyomwitikia mtu wa posta. Kisha akaketi kiti cha pili kutoka changu, akiacha kimoja wazi katikati. "Ni wewe uliyepiga simu."

"Ni Cansilde."

"Cansilde anajua siku yangu ya kuzaliwa?"

Akaeleza bila hasira. Ijumaa jioni alikwenda kuchukua dawa, kadi ikakataa. Akajaribu tena Jumamosi. Jumapili wakati wa misa alianguka. Waumini wakambeba hadi zahanati. Amelala huko, ameomba ruhusa asubuhi hii aje benki, anarudi huko sasa hivi.

Nilitaka kusema kitu. Kilichotoka kilikuwa habari za shamba la Mudende. Nilijisikia nikieleza kuhusu viazi na msimu. Akanyoosha mkono, akaomba karatasi. Nikampa. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, akaazima kalamu kwa Umutesi, akatia saini juu ya goti.

"Ulichokitaka ni hiki?"

Nikasema ndiyo.

Alikuwa anainuka. Nikauliza haraka, mtu wa karibu umemwandika nani?

"Hilo ni langu na benki."

"Na Bibi aliitwa nani?"

Hapo ndipo aliponitazama vizuri, kwa mara ya kwanza leo. Midomo ilianza kusema, ikaacha.

"Alikulea miaka tisa, Wense."

Nilingoja aendelee. Alikunja sweta yake mbele, akafunga vifungo kimoja kimoja kwa ule mkono wenye plasta, na mimi nikabaki nimesimama nikivihesabu. Kisha akasema namba yake ni ileile na simu huwa wazi mchana kutwa. Niende kwanza kituoni, nikawaambie laini zile zilikuwa zangu, jina lake litoke kwenye faili lao. Halafu nimpigie. Atanielekeza nyumba, atapika.

"Ni jambo la asubuhi moja," alisema.

Yule wa pikipiki alikuwa bado anamsubiri. Umutesi alimsindikiza hadi nje akamfunga kofia ngumu chini ya kidevu, taratibu, kama anavyofungwa mtoto. Kazi hiyo ningeweza kuifanya mimi. Nilikuwa hatua tatu tu.

Jumanne, 14 Mei

Mvua imekatika. Karatasi ya Mudende iko mezani na saini yake. Yule mtu wa viazi amepiga mara mbili, sijapokea. Saini ya Mama imelala upande, herufi ya mwisho haikumalizika.

Jana akili yangu haikuwa imelala kabisa. Fulana ya yule mwendesha pikipiki ilikuwa na namba, na namba niliikariri. Asubuhi nimempata kijiweni kwao. Anaitwa Rugwiro. Nilimuuliza kwa mzaha, kama mtu asiyejali, yule mama wa jana alimpeleka zahanati ya wapi.

"Mi nabebaka watu," alisema. "Sisemake kwenye nawabebaka."

Mji huu umeharibika, kila mtu ana siri. Lakini nilimsoma macho. Ni kijana wa adabu, anaheshimu ofisi. Sasa mpango ni huu. Kesho nitavaa shati jeupe na tai. Nitabeba bahasha. Nitamwambia nimetumwa na benki, kwamba yule mama alisahau kitambulisho chake kaunta na lazima kimfikie mkononi. Kwa benki hatakataa. Nikifika huko nitakuwa na parachichi, nitaketi pembeni ya kitanda, na yeye akiamka hataanza na maswali.

Kituo cha polisi kinatazamana na kijiwe chao. Nilipita mbele yake mara mbili, kwenda na kurudi. Mlango ulikuwa wazi, askari mmoja mezani anakunywa chai, hakuna foleni hata ya mtu mmoja. Nikaongeza mwendo, maana shati jeupe lilikuwa bado halijafuliwa.