Mkono wa Meneja

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa kinu cha pamba, Bariadi, mwaka 1994: kwa kuwa soko sasa ni huria, mfanyakazi yeyote mwenye misuli legelege atapunguzwa kwa heshima.

Nyanjige, mfagizi wa ofisi, alikijua kipimo cha misuli hiyo kuliko waliokitangaza. Tabibu wa mgongo kutoka Mwanza alipowafundisha wakubwa, mkono wa mazoezi ulikuwa wa Nyanjige. Unaunyoosha pembeni, unaambiwa ukaze, kisha mpimaji anakandamiza taratibu aone kama misuli inashika. Kwa njia hiyo tabibu alitafuta pingili ya mgongo inayouma, apate kuitibu. Wakubwa walisikiliza kwa makini mpaka aliposema kutibu, wakatoka kunywa chai.

Upimaji ukaendeshwa na Luhende, afisa utumishi. Wasio na ndugu ofisini aliwakandamiza kiganjani, bila kuwaambia wakaze. Mashemeji wanne wa meneja aliwagusa karibu na bega, ambapo mkono haushuki kirahisi, huku akiwajulia hali. Kwa njia hiyo ya kitaalamu, wapakiaji ishirini na watatu walionekana dhaifu, akiwemo Mayala, mume wa Nyanjige, aliyeitwa kupimwa akiwa na gunia la pamba kichwani. Mashemeji walionekana imara. Mmoja alipimwa amelala.

Mkaguzi alipofika kutoka wizarani kuhakiki orodha ya waliopunguzwa, Meneja Januarius alivua koti amwonyeshe kipimo. Luhende akasogea begani. Mkaguzi akasema angependa mpimaji asiyetafuta cheo, na macho yakamwangukia Nyanjige.

Mshahara wake ndio pekee uliobaki nyumbani. Akauegemeza ufagio ukutani.

"Kaza, bosi," akasema kwa adabu, akaweka vidole viwili juu kidogo ya kifundo cha mkono, kama tabibu alivyofundisha, akakandamiza taratibu.

Mkono ukashuka. Akaombwa arudie. Ukashuka tena, safari hii bila haraka.

Mkaguzi akafungua jalada, akauliza kwa upole kama kipimo hiki ni sahihi. Kama ni sahihi, orodha itakuwa na watu ishirini na wanne.

Meneja aliutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mtumishi mtoro.

"Kipimo kina mapungufu," akasema.

"Yaandike."

Akaandika. Jumatatu wapakiaji wote walirudi kazini. Kuhusu mashemeji, mkaguzi alieleza kuwa mapungufu yanawahusu walioonekana dhaifu tu. Uimara wao haukulalamikiwa na mtu. Wakahamishiwa kwenye upakiaji, chini ya Mayala.

Wiki mbili zilizofuata, meneja alikula hotelini. Kwake hapakupikwa, kwani mkewe alikuwa akiwakanda kaka zake wanne migongo.