Ada ya Kusoma

Kwa siku tatu mfululizo Kalamu Tatu alikuwa akipanda ghorofa ya pili kunywa maji baridi ya bure. Siku ya tatu ndipo alipogundua kwamba pale penye maji palikuwa na kitu kitamu zaidi: watu wazima kumi, wenye vipato vizuri, wakigombana kuhusu bei ya kitu ambacho tayari walikuwa nacho.

Jina lake lilitokana na kalamu zilizosimama daima kwenye mfuko wa shati lake, moja ya bluu, moja nyeusi, moja nyekundu. Hakuna aliyewahi kuziona zikiandika. Kazi yake ilikuwa kufanana. Leo alifanana na mkaguzi, kesho na mwakilishi wa kampuni, keshokutwa na mjomba wa bibi harusi. Tusimhukumu mapema. Kufanana nako ni kazi, na ina jasho lake.

Ofisi yenyewe ilikuwa juu ya duka la magodoro, moja ya zile zinazokodisha meza kwa mwezi. Waliokodi walikuwa watengeneza programu, na kila mmoja alikuwa na vizibo vya muziki masikioni na kikombe chenye jina lake. Mgeni aliyesema anafikiria kukodi meza aliruhusiwa kukaa kwenye kochi la mlangoni afikirie. Kalamu Tatu alikuwa amefikiria kwa siku tatu, na kompyuta ya shemeji yake ikiwa mapajani ili afikirie kwa heshima.

Kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa roho yake. Shemeji, fundi wa lifti, alitoka asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, na hakujua kwamba kompyuta nayo ilikuwa ikitoka. Tangu mwaka jana Kalamu Tatu alikuwa akilala sebuleni kwake, na shemeji alikwisha kumwambia mkewe kwa sauti ya kusikika hadi sebuleni: "Siku nitakayokosa hata kijiko humu ndani, huyo ndugu yako akalale anakojua." Kwa hiyo kila siku, kabla ya saa kumi na mbili, kompyuta ilirudi juu ya kabati, imefutwa vumbi.

Ugomvi wa ofisini ulihusu kihariri, yaani ile programu wanayoandikia msimbo wao. Wote kumi walitumia kimoja, na walikipenda kama watu wanavyopenda mto waliouzoea. Walikuwa na toleo la tatu. Sasa watengenezaji walitangaza toleo la nne, na tangazo lilikuwa na bei.

"Mimi nililipa mara moja," alisema mwanamume mwenye ndevu aliyeitwa Toleo la Kwanza, kwa kuwa alikitumia tangu kilipozaliwa na hakuacha mtu asahau. "Mara moja maana yake mara moja. Leo wananiuzia tena, kesho wataniuzia kitufe cha kufuta."

"Watu wanakula, bwana," alisema mwenzake mwenye miwani. "Ulitaka waishi kwa sifa zako?"

"Wamebadilisha nini? Rangi ya vitufe."

"Na kasi."

"Kasi ya kukufikisha wapi? Mwezi mzima uko kwenye kosa moja."

Walicheka, kisha wakaendelea, na wiki mbili zilikwisha pita hivyo. Muda walioutumia kulalamika ungetosha kununua leseni za mtaa mzima, lakini hesabu hiyo haikumjia yeyote, na walikuwa watu wa hesabu. Mmoja tu hakuchangia: mwanamke mtulivu aliyekaa karibu na dirisha, ambaye wenzake walimwita Dada wa Dirishani. Siku ya kwanza alikuwa amewauliza, "Jamani, tangazo mmelisoma hadi mwisho?" Toleo la Kwanza akamjibu, "Dada, hili ni suala la msingi. Si la kusoma." Tangu hapo alinyamaza.

Kalamu Tatu alijikohoza.

"Samahanini, ndugu zangu. Sikukusudia kusikiliza." Alifunga kompyuta taratibu, kama daktari anayefunga faili la mgonjwa. "Inaniuma tu kuona watumiaji wa siku nyingi wanateseka hivi. Kwani hamkuambiwa kuhusu leseni ya heshima?"

Vizibo vikatoka masikioni.

"Ipi hiyo?"

"Basi hamkuambiwa. Mimi ni wakala wao mjini, na sipaswi kuitangaza. Ni nusu ya bei, ya maisha, kwa wale tu waliokuwa na programu tangu zamani. Wanaoijua kweli." Alimtazama Toleo la Kwanza kwa unyenyekevu. "Watu kama wewe, kaka. Zimebaki kumi."

Toleo la Kwanza alipokea kilemba hicho cha ukoka na kukikaza kichwani. Ni yeye aliyewashawishi wengine. Mtu aliyekataa kulipa bei kamili kwa sababu ya msingi sasa alikimbilia kulipa nusu kwa mtu wa kochini, na msingi ukabaki nyuma peke yake.

Kesho yake Kalamu Tatu alileta masharti, kurasa kumi na nne zilizobanwa vizuri. Aliyanakili kwenye kitabu cha maelekezo ya mashine ya kufulia ya dada yake, akabadilisha maneno mawili: palipoandikwa mashine akaweka programu, palipoandikwa nguo akaweka msimbo. Hivyo kifungu cha nne kilimtaka mteja atenganishe msimbo mweupe na wa rangi, na cha tisa kilikataza kuingiza zaidi ya kilo saba za msimbo kwa mzunguko mmoja. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Katika maisha yake yote hakuwahi kukutana na mtu anayesoma masharti, na hawa ndio watu wanaobonyeza "nakubali" kutwa nzima.

Walisaini tisa, bila hata kufunua ukurasa wa pili. Pesa wakaweka ndani ya bahasha ya kaki, taslimu, kwa kuwa wakala alieleza kwamba heshima haipiti benki. Leseni zingejiingiza zenyewe Jumatatu.

Dada wa Dirishani aliomba asome.

"Ni mambo ya kawaida tu, dada yangu."

"Najua. Mimi husoma polepole."

Alisoma tangu saa tisa hadi saa kumi na nusu, akifunua ukurasa mmoja mmoja. Hakucheka. Alipomaliza akaandika kitu kwenye kompyuta yake, akaenda kwenye printa na kurudi na nakala safi.

"Nimekurekebishia tahajia kidogo," alisema. "Nami nitalipa. Ila wakala naye asaini, ndiyo utaratibu wetu hapa."

Kalamu Tatu alitoa kalamu ya bluu. Ilikuwa imekauka. Nyeusi pia, nyekundu pia. Dada akamwazima yake, naye Kalamu Tatu akasaini pale alipoonyeshwa kidole, kisha akaenda kunywa maji ya ushindi. Aliporudi kwenye kochi, saa kumi na moja kasoro robo, bahasha ilikuwa kwapani mwake. Kompyuta haikuwepo.

"Iko kwenye droo yangu," alisema Dada wa Dirishani kwa upole, akigusa ufunguo ulioning'inia shingoni mwake. "Kifungu cha ishirini. Kompyuta ya wakala itabaki kwa msomaji wa masharti mpaka kila mteja apate toleo la nne. Akiihitaji mapema, ataacha bahasha."

"Dada, unanitania."

"Niwaite tukisome pamoja? Tutaanza na zile kilo saba."

Kalamu Tatu alitazama meza tisa, kisha saa ya ukutani. Aliiona sebule, akaliona kochi la dada yake, akamwona shemeji akinyoosha mkono juu ya kabati na kukamata hewa.

"Nina dada," alisema kwa sauti iliyokwisha nguvu. "Kompyuta ni ya mumewe."

"Ndiyo maana nakurudishia."

Walibadilishana kando ya maji, bahasha kwa kompyuta, kama watu wanaopeana chumvi.

"Utawarudishia pesa zao?"

"Kwa nini? Tangazo lilikuwa na kurasa mbili. Bei iko kwenye ukurasa wa kwanza, nayo ni kwa wanunuzi wapya. Wa pili unasema mwenye toleo la tatu anapewa la nne bure, kuanzia Jumatatu. Niliwauliza kama wamesoma, wakaniambia si suala la kusoma." Alikunja bahasha mara moja. "Hii ni ada ya kusoma."

Kalamu Tatu aliona haya ya kitaalamu. "Kwa hiyo nimewauzia kitu chao wenyewe. Basi nimewaibia kweli."

"Usijisifu," alisema dada. "Niliyewaibia ni mimi."

Kalamu Tatu alifika nyumbani saa kumi na mbili kasoro dakika nne, akaifuta kompyuta vumbi, akairudisha juu ya kabati. Hakula vizuri siku mbili.

Jumatatu asubuhi simu ililia. Alikuwa Toleo la Kwanza.

"Kaka, wewe ni mtu wa maneno yako. Imeingia yenyewe, kwa wote. Nimewaambia hawa, mtu mkweli hujulikana kwa macho tu."

"Nashukuru," alisema Kalamu Tatu, ambaye katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kupata jina zuri, na sasa alikuwa nalo bila kitu kingine chochote.

"Sikia. Ghorofa ya nne kuna wachoraji kumi na watano. Programu yao nayo imetoa toleo jipya, wanalia kama sisi. Njoo na masharti yako."

Kalamu Tatu aliketi wima kwenye kochi. Kisha akakumbuka.

"Yule dada wa dirishani, yupo?"

"Ndiye aliyesema tukupigie. Amesema masharti usilete, yeye ameshayaandika. Wewe ni kuja kusaini tu."

"Yana kurasa ngapi?"

Kwenye simu ikasikika sauti ikiuliza na nyingine ikijibu kwa upole kutoka mbali.

"Arobaini na mbili," alisema Toleo la Kwanza. "Ila amesema usijisumbue kusoma."