Wikiendi Juu ya Karakana

Alhamisi, 12 Juni

Safari kesho! Tuko wanne: mimi, shemeji, na rafiki zetu Mhasibu na Nesi. Jiji la ng'ambo, Ijumaa hadi Jumapili, bei ya kutupa. Mpangaji: mimi. Mhasibu alitaka apange yeye. Ana kikokotoo, hana kipaji.

Lengo ni shemeji. Tangu tumzike mkewe, yaani dada yangu, hajagusa sindano. Cherehani imefunikwa shuka kama maiti. Juzi kaniambia atauza kila kitu arudi kwao, na tusimtafute. Fundi wa nguo hodari vile! Nikamwambia dawa ya msiba ni kutembea. Nesi akadakia: na wewe dawa yako ipi, si alikuwa dada yako? Nikamjibu sina nafasi ya huzuni, nina tiketi za kuchapisha.

Ijumaa, 13 Juni

Ndege ya bei ya kutupa hulipisha mizigo. Nilipie soksi nauli? Thubutu! Nikaamuru kila mtu avae nguo zake zote. Mhasibu kavaa suruali juu ya suruali, anatembea kama bata aliyeshiba. Shemeji alikuja na furushi la kitambaa cha samawati, akakataa katakata kuliacha. Nikajizungushia kiunoni mwenyewe, nikafunga koti juu yake. Mkaguzi akauliza tumbo hilo vipi. Nikasema la kurithi. Tukapita!

Kwenye foleni ya pasipoti Nesi akaninong'oneza: nilichojifunga ni gauni la dada. Shemeji alikuwa akimshonea, bado mkono mmoja. Jasho likanitoka. Nikasema ni hayo makoti.

Kisha chumba. Picha zilionyesha vitanda vinne na dirisha. Hazikuonyesha chini. Chini ni karakana ya seremala. Seremala wa majeneza, na ndiye mwenye chumba! Ili kufika ngazini unapita katikati yake, kulia wakubwa, kushoto watoto. Shemeji akasimama hapo, mkono juu ya ubao. Mhasibu akasema rahisi ghali, hongera mwenyekiti. Nikasema angalau majirani hawatatupigia kelele. Hakuna aliyecheka.

Furushi nimemrudishia shemeji. Alilipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi, 14 Juni

Kelele! Msumeno tangu alfajiri, halafu randa, halafu nyundo.

Ratiba yangu ilikuwa safi: makumbusho (kwa nje, ndani wanatoza), daraja, picha mbele ya hoteli ya wenye nazo. Shemeji akasema twende tu, yeye atalala. Mvua ikatukuta darajani. Nguo zetu zote zikalowa kwa mpigo, maana zote tulikuwa tumezivaa. Mhasibu akaitisha kura ya kunivua uongozi, palepale, chini ya mvua. Kura mbili kwa moja. Hiyo moja ni yangu. Wivu tu!

Tukarudi mchana tunachuruzika maji. Kitanda cha shemeji kitupu. Nikashuka mbio, roho mkononi.

Alikuwa karakanani. Seremala akaeleza kwamba mshonaji wake wa bitana kalazwa, na ndugu wa marehemu mmoja, mwanamke kijana tu, wanakuja jioni kuchukua jeneza. Ndani bado mbao tupu. Shemeji alisikia hayo, akauliza sindano iko wapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema seremala, anacheka na macho yamelowa.

Anashona! Shemeji anashona! Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikaona kitambaa. Samawati. Alikuwa amefumua gauni la dada, mshono mmoja baada ya mwingine, analitandaza humo ndani, anakunja pembeni, anagonga vimisumari. Ule mkono mmoja alioumaliza ameugeuza kimto.

Akaniona. Akasema, shemeji, kaa hapa unishikie ncha hii, dada yako aliipenda sana rangi hii.

Nilitaka kukaa. Kweli nilitaka. Niliona nikikaa sitainuka.

Nikamshika seremala mkono, nikamtoa nje, nikamdai punguzo la chumba. Fundi wangu hafanyi kazi bure! Nikabishana naye hadi jioni, akachoka. Usiku mmoja bure!

Niliporudi ndani, jeneza lilikuwa limefunikwa na wenyewe walikuwa wanalibeba. Ncha alikuwa ameishika Nesi. Shemeji alikuwa analia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Nesi amemkumbatia. Hata Mhasibu anajifuta kwa shati lililolowa. Nikatangaza punguzo. Wakanitazama tu.

Jumapili, 15 Juni

Kurudi. Nguo zote mwilini tena, mbichi. Kiunoni hapakuwa na kitu, na hapo ndipo niliposikia baridi kuliko kwingine kote. Sijui kwa nini naandika hili.

Ndani ya ndege shemeji alikaa nami. Akasema hana kinyongo juu ya chumba. Akasema, lia tu siku moja, shemeji, kulia hakupimwi kwenye mizani kama mizigo. Nikamwambia nina mafua ya mvua. Akanipa leso yake. Nikaitumia kwa mafua.

Jumatano, 18 Juni

Ushindi! Cherehani inasikika hadi barabarani. Shuka limeondolewa, duka limefunguliwa, na shemeji kuuza hauzi tena. Nimempigia Mhasibu nimkumbushe nani alipanga safari. Akakata simu. Hasidi hana sababu.

Shemeji kanisimamisha mlangoni. Mama anakuja Ijumaa, wanafungua kabati la dada na kugawa nguo zake. Nisikose. Kuna sweta la kijani kaniwekea, lile dada alilokuwa akivaa akiwa na homa, na mama ameomba niwe kando yake wakati mlango wa kabati unafunguliwa. Nikasema bila shaka, shemeji, nitafika mapema.

Nimefika nyumbani, nimefungua simu. Jiji jingine, mbali zaidi, Ijumaa hadi Jumapili. Bei ya kutupa kuliko ile! Nafasi ilikuwa moja. Nimelipia, na wakishapokea hawarudishi, kwa hiyo siwezi kughairi hata nikitaka. Mama ataelewa. Nitavaa nguo zangu zote, sina mzigo wowote.