Koki Inayojifungua

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na nyote mnaosubiri kukaimu. Wataalamu wa sistimu. Wauguzi wa hospitali jirani mliokuja bila kualikwa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya safu ya mbele.)

Nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hakuna mkurugenzi mwingine wa idara ya maji aliyewahi kuufikia, kuzindua Mwongozo wa Zana za Wakala. Wakala, kwa wale msiofahamu, ni programu ya kompyuta yenye akili mnemba: unaiagiza kwa maneno, nayo inachagua zana, inafungua koki hii, inafunga ile, bila fundi kuinuka kitini. Lakini koki yenyewe haiioni. Inasoma tu maelezo iliyoandikiwa kuhusu kila zana. Na maelezo hayo, ndugu zangu, niliyaandika mimi mwenyewe. (Makofi. Mtu anakohoa.)

Zana ya kwanza niliieleza hivi: "Inawezesha implimentesheni ya usimamizi shirikishi wa maji kwa mujibu wa dira." Ya pili nikaieleza vivyo hivyo, kwa kuwa idara hii haibagui. (Kicheko nyuma.) Tafiti zinaonyesha kwamba asilimia kubwa sana ya maelezo hayo ni fasaha. Tafiti hizo pia nilizifanya mimi.

Sasa, mwezi uliopita bomba lilipasuka mtaa wa sokoni. Nikaiagiza programu izuie maji. Ikauliza, kwa adabu, "Mheshimiwa, zana hizi mbili zina maelezo yaleyale. Ipi inafunga maji ya wapi?" Nikaijibu, "Zingatia dira." Ikauliza tena. Nikaiambia isinifundishe kazi, ichague. (Minong'ono.) Ikachagua. Sokoni maji yakaendelea kumwagika, na hospitali yote ikakauka.

Niseme wazi kwamba yaliyotokea wodi ya wazazi yamekuzwa mno. Ni kweli mkunga mkuu, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, alinipigia simu. Nikamwambia, "Dada, nipo kikaoni, suala hilo linashughulikiwa na koki inayojifungua yenyewe."

(Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Kwetu wanaojifungua ni akina mama, kaka! Na siku ile alikuwa mke wa mwanao!" Ukumbi unalipuka kwa kicheko.)

Asante, dada. Naam, alikuwa mkwe wangu. Alipolitaja jina lake simuni, kikao kiliahirishwa, kwa sababu mwenyekiti, yaani mimi, alikuwa anakimbia. Nilimkuta dada mlangoni, karai tupu kiunoni, sabuni imemkaukia hadi viwikoni. Nikaanza kumweleza kuhusu dira. Akanikata: "Wacha hizo! Andika hivi: hii inafunga maji ya hospitali, hii inafunga ya sokoni. Ya hospitali usiiguse bila kumuuliza mkunga. Basi!"

Nikayaandika kwenye simu, maneno yasiyo na hadhi hata kidogo. Programu ikajibu, "Sasa nimeelewa." Bomba la wodi likakohoa, likatema kutu, maji yakaja. Baadaye kidogo mtoto akalia. Mimi sikulia, hilo nalo limekuzwa. (Makofi, safari hii ya ukumbi mzima.)

Kutokana na mafanikio hayo, niliunda kamati ndogo, ikayachukua maneno ya dada na kuyapandisha hadhi. Sasa yanasomeka: "Inawezesha implimentesheni ya usimamizi shirikishi wa maji na uzazi kwa mujibu wa dira." (Sauti ileile: "Mungu wangu!") Asante kwa pongezi.

Maelezo bora! (Kimya.) Mnaitikia, "Wakala bora!" Maelezo bora! (Mtu mmoja, safu ya mbele: "Wakala bora.") Inatosha.

Kwa kumalizia, namshukuru mchapaji aliyetuchapia jalada hili zuri lenye picha yangu. Nawashukuru waandishi wa Mwongozo, ambao bado tunawatafuta, kwa kutuachia kurasa nyeupe kabisa. Nawashukuru wataalamu wa sistimu kwa kuizima programu bila kunijulisha. Na kwa namna ya pekee namshukuru dada yangu, ambaye tangu siku ile anatembea na spana ya koki ya hospitali mkobani mwake, na amekataa katakata kuirudisha ofisini.